That Total Age ya Nitzer Ebb: naisikilizaje, na besi ile inatengenezwaje?

MsikilizajiWaUsiku

Wakuu, habari za saa hizi.

Naomba msaada wa wanaoujua muziki wa EBM (Electronic Body Music) kwa undani. Albamu ninayoizungumzia ni That Total Age ya bendi ya Uingereza, Nitzer Ebb, ya mwaka 1987. Kila anayeandika kuhusu muziki wa kielektroniki wa kucheza wenye asili ya indastriali anaitaja, na madj wa tekno bado wanaipiga Join in the Chant mpaka leo. Nikiisikiliza kwenye simu naipenda nguvu yake, lakini nahisi kuna kitu kinanipita: kodi (chords) hazibadiliki, kiitikio cha kuimbika hakuna, na mwimbaji anafoka mwanzo mwisho.

Nina maswali matatu. Kwanza, sikio liwekwe wapi ili ukubwa wa albamu hii uonekane? Pili, besi ile inayong'ata imetengenezwa kwa nini, na nitaipataje kwa kompyuta? Ninatumia FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, na nikiweka wimbi la msumeno na filta napata uji mzito usio na meno. Tatu, nikitaka nakala ya santuri au CD, nichukue ipi?

Naomba maelezo yenye vipimo, nisiambiwe tu nisikilize kwa hisia.

---

MzeeWaSanturi

Karibu mkuu. Simu iweke pembeni kwanza. Spika ya simu karibu haitoi kitu chini ya Hz 200, na sehemu kubwa ya albamu hii inaishi kati ya Hz 50 na 200. Kinachobaki ni ncha ya snea na mtu anayefoka, ndiyo maana unaona nyimbo zinafanana. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha kabisa, mradi usiguse ile mipangilio ya kuongeza besi.

Nitzer Ebb walianza 1982 huko Chelmsford, Essex, Uingereza: Douglas McCarthy (aliyefariki Juni 2025), Bon Harris na David Gooday, vijana wa shule. Kuanzia 1985 walitoa singo kwa lebo yao wenyewe, Power of Voice Communications, kisha wakachukuliwa na Mute ya Daniel Miller. That Total Age ilitoka Mei 1987, na Marekani ikatolewa na Geffen. Huwezi kuielewa bila kujua walikuwa wanasikiliza nini. Nyuma yao kuna DAF wa Düsseldorf, ambao mwaka 1981 walitoa Alles ist gut chini ya prodyuza Conny Plank: sikwensa (mashine inayorudia noti zilizopangwa), ngoma za kupigwa kwa mkono na sauti, basi. Pembeni yao kuna Front 242 wa Ubelgiji, waliolipa nguvu jina la EBM kwenye No Comment ya 1984. Throbbing Gristle na Cabaret Voltaire walikuwa wameshafungua mlango wa indastriali tangu miaka ya 70, lakini muziki wao haukulenga hasa kuchezesha mwili. Nitzer Ebb walichukua ukali ule wakaupa miguu.

Sasa sikio. Sikiliza albamu hii unavyosikiliza ngoma ya kwenu, usiisikilize kama bolingo. Kwenye ngoma hakuna anayeuliza kodi itabadilika lini. Tunaangalia ngoma ipi imeingia, ipi imenyamaza, na mwili umefanya nini iliponyamaza. Hapo ndipo utunzi wa That Total Age ulipo. Besi inaweza kubaki ileile wimbo mzima, huku kinachobadilika ni kilichoachwa juu yake.

Chukua Join in the Chant, uipige mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza fuata besi peke yake na uhesabu hatua 16 kwa kila pau (mapigo manne). Usihangaike na jina la noti, angalia wapi pana pengo. Mara ya pili sahau besi, fuata vitu vinavyogongwa: snea, tomu, vyuma. Utaona vinaingia kwa makundi ya pau 4 na 8, na kingine kinatolewa pale ulipotegemea kiongezwe. Mara ya tatu fuata sauti, ila ichukulie kama chombo cha kugonga. McCarthy anatupa neno mojamoja, na neno linatua kwenye nafasi ambayo besi imeiacha wazi. Ukishasikia mambo haya matatu yakipishana bila kugusana, rudi Murderous na Let Your Body Learn uone ujanja uleule umefanywa kwa mpangilio mwingine.

Jambo jingine linalopuuzwa: karibu kila sauti humu ni kavu. Mwaka 1987 nyimbo nyingi za redioni zilikuwa zimejaa mwangwi mrefu. Hawa waliuweka kwa kipimo, zaidi kwenye snea, wakaacha besi bila kitu. Ndiyo maana inasikika kama imesimama mbele ya uso wako. Maelezo ya utengenezaji nawaachia mafundi.

---

FundiMasafa

Mzee kamaliza upande wa kusikiliza. Mimi nashika besi.

Chombo kinachohusishwa sana na Nitzer Ebb wa kipindi kile ni Roland SH-101, sinthi iliyotoka 1982. Inatoa noti moja kwa wakati, ina osileta (chanzo cha wimbi la sauti) moja, sub-osileta chini yake, filta ya dB 24 kwa oktava, envelopu (inayopanga sauti inavyoanza na kufifia) moja tu na sikwensa ya hatua 100. Hiyo envelopu moja ndiyo siri kubwa. Filta na sauti vinafunguka na kufunga pamoja, kwa mkono mmoja, na hapo ndipo meno yanapotoka. Uji wako, mkuu, umetokana na envelopu mbili zisizoelewana: filta imefunga mapema, sauti bado inavuta, kwa hiyo mkia wa noti unabaki na mngurumo usio na ncha, na noti inayofuata inaukanyaga.

Ukiwa na SH-101 yenyewe, au nakala kama Roland SH-01A, Behringer MS-1 au plagini ya TAL-BassLine-101, anzia hapa. Masafa 16'. Msumeno 7 kati ya 10, palsi 4, sub 4 kwenye mraba wa oktava moja chini, noizi sifuri. Filta ifungue 3 hadi 3.5, resonansi 2.5, na kiasi cha envelopu kwenye filta 5 hadi 6. Envelopu: A (shambulio) 0, D (dikei, kufifia) kama 2.5, S (sasteni, kushikilia) 0, R (kuachia) 0. Swichi ya trigga iwe GATE+TRIG ili kila noti ianze upya hata kama iliyotangulia haijaachiwa. Ukiiacha kwenye GATE, noti zinazogusana zinakuwa na shambulio moja tu na mstari unalala. Portamento (kuteleza kutoka noti hadi noti) zima kabisa.

Kwa FL Studio bila kununua kitu, tumia 3x Osc. Osileta ya kwanza msumeno, ya pili mraba, ishushe semitoni 12 na sauti yake iwe kama asilimia 50, ya tatu zima. Kisha nenda kwenye envelopu ya sauti na ya filta, uzipe namba zilezile: shambulio sifuri, sasteni sifuri, dikei sawa pande zote. Chagua filta ya kupitisha chini iliyo kali kuliko zote zilizopo pale. Hapo utakuwa umeiga envelopu moja ya 101.

Dikei usiikisie kwa sikio mwanzoni, ipigie hesabu. Gawa 15000 kwa kasi ya wimbo, unapata urefu wa hatua moja ya kumi na sita kwa milisekunde. Kwa mapigo 120 kwa dakika ni ms 125, kwa 124 ni ms 121. Noti yako inatakiwa imalizike kwenye robo tatu hivi ya hapo, yaani ms 85 hadi 95. Zile ms 30 za kimya kati ya noti na noti ndizo zinazofanya besi ing'ate. Watu wengi wakisikia besi haina nguvu wanaongeza sauti, wakati dawa ni kufupisha noti.

Tahadhari kwa wa FL: noti ya C ya kati, ile ya Hz 261.6, programu inaiandika C5, wakati vitabu na mashine nyingi vinaiandika C4. Nikisema E2 hapa namaanisha Hz 82.4, ambayo kwenye FL utaiona imeandikwa E3. Ukinifuata kwa herufi bila kujua hili utakuwa oktava moja chini, na huo ndio uji mwingine.

Sasa mpangilio wa noti, sehemu ninayoipenda kuliko zote. SH-101 haina MIDI (njia ya mashine za muziki kuwasiliana). Sikwensa yake inahifadhi noti, lakini mwendo unaweza kuupata nje, kupitia tundu la EXT CLK IN. Kila palsi ya umeme inayoingia inasogeza hatua moja. Mafundi wa wakati ule walichomeka humo trigga (palsi ya kuanzisha sauti) kutoka mashine ya ngoma, kwa mfano ile ya rimshoti ya TR-707 au za TR-606. Maana yake ni kwamba noti zimekaa sehemu moja na mdundo wa noti umekaa sehemu nyingine. Ukifuta trigga moja kwenye mashine ya ngoma, sikwensa hairuki noti, inaisubirisha. Noti zote zinazofuata zinahama.

Jaribu hii. Si mstari wa kwenye albamu, ni zoezi. Noti nane: E2 E2 E3 E2 G2 E2 D2 E2. Trigga weka hatua zote 16 isipokuwa ya 5 na ya 13, zinabaki 14. Pau ya kwanza inaanza na noti ya kwanza, E2. Trigga 14 zikiisha umeshamaliza mzunguko mmoja na noti sita za wa pili, kwa hiyo pau ya pili inaanzia noti ya 7, D2. Ya tatu inaanzia noti ya 5, G2. Ya nne inaanzia noti ya 3, yaani E3, oktava juu. Pau ya tano inarudi mwanzo, kwa sababu 14 mara 4 ni 56, na 56 inagawanyika kwa 8. Noti nane tu, na umepata mzunguko wa pau nne ambao mdundo wake haubadiliki ila melodi inajizungusha ndani yake. Mcheza dansi anasikia kitu kimoja, lakini hachoki.

Kwenye FL andika kwa mkono kwenye piano roll kwa pau nne, kwa mtiririko huo, ukiruka hatua ya 5 na ya 13 kila pau. Velosti (nguvu ya kila noti) zote sawa. Ukishaikariri kwa sikio, badilisha idadi ya mapengo. Trigga 12 kwa noti 8 zinarudi mwanzo baada ya pau mbili. Trigga 13 zinahitaji pau nane, na hapo mstari unaanza kupoteza mshiko, kwa maoni yangu.

Swing (kuchelewesha kidogo hatua za kati) iwe sifuri. Ukiiweka hata asilimia 10, muziki huu unageuka hausi.

---

MsikilizajiWaUsiku

FundiMasafa, ahsante sana, mapengo ya 5 na 13 yamefungua kitu. Besi sasa ina meno. Tatizo jipya: nikiweka kiki (ngoma nzito ya chini) kila pigo, kiki inamezwa kwenye pigo la kwanza na la tatu, ila la pili na la nne inasikika vizuri. Nikiongeza kiki, mita inagonga nyekundu. Niweke saidicheni, yaani kiki iishushe besi kila inapopiga?

---

DadaWaMiksi

Kaka, jibu liko kwenye maneno yako mwenyewe. Pigo la pili na la nne ni hatua ya 5 na ya 13, pale ambapo besi imenyamaza. Mapengo yale yamewekwa hapo makusudi, kwa sababu snea inatua pamoja na kiki. Pigo la kwanza na la tatu besi ipo, na ile sub ya mraba kwenye E2 inashuka mpaka Hz 41, chini kabisa ya kiki. Vitu viwili vinagombania sakafu moja.

Kabla ya saidicheni fanya haya. Kata besi yote chini ya Hz 60 kwa mteremko wa dB 12 au 24. Utaogopa kwamba umeua sub, lakini wimbi la mraba lina harmoniki ya tatu, kwa hiyo ile ya Hz 41 inabaki na nguvu kwenye Hz 123, na sikio linajaza lililobaki. Kwenye EBM sakafu ni ya kiki, besi inakaa kuanzia Hz 80 hadi 300 na ncha zake huko juu kwenye kHz 1 hadi 2. Kisha fupisha kiki. Watu wanachukua kiki za tekno ya leo zenye mkia wa ms 300 au 400, wakati hapa inatakiwa ms 120 hadi 150 na mwili wake kwenye Hz 55 hivi, pamoja na kishindo cha mwanzo kwenye kHz 2 hadi 4. Ikibaki kumezwa, punguza noti ya besi ya hatua ya 1 na ya 9 kwa dB 2 au 3. Hizo mbili tu.

Saidicheni ikibidi, isizidi dB 2 au 3 na iachie ndani ya ms 60. Ukisikia besi inapumua umeshatoka kwenye zama hizi na kuingia za watu wengine. Muziki huu hautakiwi kuyumba.

Snea. Weka tabaka mbili: noizi fupi, na chini yake toni ya Hz 180 hadi 200 inayoshuka haraka. Peleka kwenye mwangwi wa chumba wa sekunde 1.2 hadi 1.5, kisha baada ya mwangwi weka geti (kifaa cha kukata mkia wa sauti). Ushikilie ms 180 hivi na ufunge ndani ya ms 30. Hesabu yake ni kwamba kwa mapigo 124 nusu ya pigo ni ms 242, kwa hiyo mwangwi unakatika kabla hatua ya nusu pigo haijafika. Ukichelewa kuufunga unafunika besi kwenye hatua mbili zinazofuata na kazi yote ya FundiMasafa inapotea. Geti iweke kwenye njia ya mwangwi peke yake. Ukiiweka kwenye snea kavu unaikata ncha.

Vyuma ndivyo vinavyoupa wimbo harufu ya karakana, na hapa sisi tuna bahati, maana kila mtaa una fundi wa kuchomelea. Usipakue pakiti ya sampuli ambayo dunia nzima inayo. Tafuta ringi ya gari, kipande cha bomba la chuma, bati nene, geti la nyumba. Vining'inize kwa kamba au viweke juu ya sponji. Chuma kilicholala sakafuni hakilii. Gonga kwa nyundo ndogo na kwa kijiti cha mbao, mbao inatoa mwili zaidi na nyundo inatoa ncha. Simu iwe umbali wa sentimita 40 hadi 50, kwa programu inayokuruhusu kuzima upandishaji wa sauti wa kujiendesha na kurekodi WAV. Hilo ni muhimu. Rekoda ya kawaida ya simu inaposikia kishindo inashusha sauti yote, halafu inaipandisha taratibu, na unapata mkia unaovimba badala ya kufa.

Ukishapata sampuli, ishushe semitoni 5 hadi 7, kata chini ya Hz 200, ikate mkia ibaki ms 150 hadi 250. Kisha ipunguze ubora kwa makusudi: biti 12, na masafa ya sampuli kHz 24 hadi 28. Sampla za miaka ile ndivyo zilivyokuwa, Akai S900 ya 1986 ilikuwa ya biti 12, na ule ukwaruzo wa juu ndio unaoishikisha sampuli kwenye mdundo. Sampuli safi ya biti 24 inaelea juu ya mdundo kama mafuta.

Weka vyuma viwili, vitatu vikizidi. Kimoja kiwe na kazi ya kila pau, kwa mfano hatua ya 4 na ya 11, kingine kiingie kila pau ya nne. Kosa ninaloliona sana kwenye kazi za wanaoanza ni kurundika vyuma kumi kwa wakati mmoja wakidhani ndio ukali. Ukali unatokana na kila kimoja kusikika peke yake.

---

SautiYaChuma

Naongeza kuhusu sauti, kwa sababu ndiyo inayoharibu nakala nyingi za mtindo huu.

Kufoka kwa McCarthy si kelele tupu. Ni amri fupi, silabi moja au mbili, zinazorushwa na kukatwa. Kukata ndiko kugumu. Andika maneno yenye konsonanti ngumu mwanzoni na uyapange kwenye hatua ambazo besi au snea haipo. Kiswahili kina shida yake hapa, karibu kila neno linaisha kwa irabu na irabu inavuta. Amri za silabi mbili ndizo zinazofaa: piga, kata, simama iwe "sima" ukitaka, twende, shika. Uzito uweke silabi ya kwanza na ile ya mwisho uimeze.

Maikrofoni ya dainamiki aina ya SM58 inatosha, mdomo uwe sentimita 10 hadi 15 na pembeni kidogo ili p na b zisipasuke. Kompresa 8:1, ishambulie ndani ya ms 3 hadi 5, ipunguze dB 8 hadi 10 kwenye kilele. Distoshoni kidogo sana baada ya hapo. Mwangwi mrefu usiweke. Weka dilei moja ya ms 90 hadi 120 bila marudio, chini kwa dB 12 kuliko sauti kavu. Ukirekodi mara mbili kwa ajili ya kuitikia, ya pili irekodiwe ukiwa mita moja na nusu kutoka kwenye maiki, chumba kifanye kazi yake.

Nguvu itoke tumboni. Koo likianza kuwasha, acha siku hiyo. Sauti iliyokwaruza inasikika imechoka kwenye rekodi, haisikiki kali.

---

KitengeNaChuma

Mimi nina swali la pembeni kidogo. Kava lina nyundo, gurudumu la meno na nyota, na jukwaani walivaa kijeshijeshi. Kuna watu wanasema ni muziki wa kifashisti. Wenye kujua mnasemaje?

---

MzeeWaSanturi

Swali zuri, na halina haja ya kuwekwa pembeni.

Michoro ya Nitzer Ebb, iliyofanywa na Simon Granger, inatoka moja kwa moja kwenye mabango ya Urusi ya Kisovieti ya miaka ya 1920, ile sanaa ya kina El Lissitzky na Rodchenko: rangi chache, herufi nene, mistari ya mshazari, kiwanda na mfanyakazi. Ufashisti una michoro yake tofauti. Tatizo ni kwamba ukichanganya michoro hiyo na buti, amri na kundi la watu wanaoitikia kwa pamoja, mtu anasikia harufu ya mkutano wa hadhara bila kujua ni wa chama gani. Hilo lilikuwa la makusudi. Propaganda inafanya kazi kwa neno fupi linalorudiwa mpaka mwili uitikie kabla akili haijauliza, na nyimbo hizi zinakuweka ndani ya mashine hiyo ili uisikie inavyokushika. DAF walifanya hivyo waziwazi zaidi kwenye Der Mussolini, walipoweka dikteta, Yesu na ukomunisti kwenye orodha moja ya mitindo ya kucheza.

Kwa maoni yangu ukiondoa swali hilo kwenye albamu unabaki na mazoezi ya viungo. Soma maneno ya Join in the Chant yote kwa pamoja, uone dhahabu, bunduki na uongo vimepangwaje. Si wimbo unaousifu umati.

---

MsikilizajiWaUsiku

Nashukuru kila mmoja. Kata ya Hz 60 imefanya kazi, saidicheni sikuihitaji. Limebaki la nakala.

---

MzeeWaSanturi

Santuri ya mwanzo ya Mute ina namba STUMM 45. Itafute kwenye lebo na pia iliyochorwa kwenye eneo tupu karibu na lebo. Nyimbo ni tisa, tano upande wa kwanza na nne wa pili. Tatizo lake ni la kimaumbile: Join in the Chant ni ya mwisho upande A, yaani iko ndani kabisa karibu na lebo, ambako mfereji unapita chini ya sindano kwa kasi ndogo na ncha za juu zinakwaruza kwanza. Nakala iliyopigwa sana kwa sindano mbovu itakuwa nzuri kwenye Fitness to Purpose na chafu kwenye wimbo unaoutaka. Ukinunua iliyotumika, mwombe muuzaji akutumie sauti ya dakika ya mwisho ya upande A, hiyo ndiyo itakayokuambia ukweli.

Ukiitaka Join in the Chant kwa besi iliyo bora, tafuta singo ya inchi 12. Wimbo mmoja umepewa nafasi pana, mifereji imechimbwa mipana, na zipo rimiksi kama Gold! na Metal Mix ambazo ni somo tosha la nini cha kutoa na nini cha kubakiza. CD ina nyongeza za rimiksi mwishoni, na kwa bei yake ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Kuna pia matoleo mapya ya Pylon Records ya kuanzia 2018. Ukilinganisha toleo la zamani na jipya, kwanza sawazisha sauti: shusha lililo kubwa mpaka snea zilingane. Bila hivyo sikio litachagua lenye kelele na kuliita bora.

Baada ya hii nenda Alles ist gut ya DAF, kisha Front by Front ya Front 242 ya 1988 ambapo sampuli zimejazwa zaidi, halafu Belief ya Nitzer Ebb wenyewe ya 1989, iliyoprodyuziwa na Flood. Gooday alikuwa ameshaondoka, na sauti imekuwa kubwa na safi zaidi. Mimi bado naichagua ile ya kwanza.

---

DadaWaMiksi

Na ukitaka kusikia ukali wa namna hiyo kutoka huku kwetu, Duma wa Nairobi walitoa albamu yenye jina lao 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si EBM, kasi na kelele ni za ulimwengu mwingine, lakini sauti na mashine zinagongana kwa ukaribu uleule.

Kaka, ukimaliza biti yako, kabla ya kuituma kwa mtu yeyote ipige kwa mono kupitia spika moja, sauti ndogo kabisa. Ukisikia snea, kisha noti ya besi, kisha kiki, kwa mpangilio huo, miksi iko sawa. Ukisikia besi kwanza, ishushe dB 1.5 na ujaribu tena.

---

FundiMasafa

Akishamaliza hapo, afungue filta ya besi taratibu kutoka 3 hadi 5 kwa pau 16, bila kuongeza chombo chochote, na aondoe kiki kwenye pau ya mwisho kabla haijarudi. Pau moja tu, zikiwa mbili watu wanasimama.